Pua mpya kwa lori kuukuu

Lori litokalo Mombasa kwenda Nairobi hupanda mlima mrefu, ijapokuwa dereva wake huenda asiuone mlima wenyewe. Pale Changamwe injini huvuta hewa nzito ya pwani, hewa iliyoshiba. Likipita Mariakani, likaingia nyika ya Taru yenye vumbi jekundu, likafika Voi, kisha Mtito Andei, hewa huzidi kuwa nyepesi kidogo kidogo bila ya mtu kutambua. Hata lifikapo Nairobi, mji uliokaa zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa imekwisha kupoteza kiasi cha fungu moja katika sita la uzito wake. Ukipenda kupima kwa madebe, msomaji, basi madebe matano ya hewa ya Mombasa yana uzito wa madebe sita ya hewa ya Nairobi.

Mtu wa pwani akipanda ngazi za jumba la Nairobi siku ya kwanza hutweta. Injini nayo hutweta kwa njia yake: hutoa moshi mweusi. Dizeli inayoingia ndani ya silinda ni ileile, lakini hewa ya kuiunguza imepungua, na mafuta yasiyopata hewa hugeuka masizi. Kila kilo moja ya dizeli yataka kilo 14 na nusu hivi za hewa ili iungue barabara. Basi ikiwa pua ya lori imeziba, au inavuta hewa moto ya chini ya boneti, hiyo ni taabu juu ya taabu.

Kuna kazi moja ya mafundi wa Nairobi iliyozaliwa na taabu hizo, nayo ni kung'oa pua ya zamani ya lori kuukuu na kulipa pua ya kisasa. Ukiitazama kwa mbali utadhani ni kazi ya bomba na klipu mbili. La hasha. Wako wenye malori waliotoka kiwanjani wakicheka, gari likivuta kama punda aliyeshiba, na baada ya miezi michache wakarudi na injini iliyokufa. Na wako waliopewa pua hiyo wakasahau habari ya ringi na pistoni kwa miaka. Tofauti ya hao wawili iko katika mambo madogo ambayo fundi huyaona au hayaoni.

Soweto ya Kibera

Kazi hii hufanywa popote Nairobi palipo na kiwanja cha kusimamisha lori, lakini leo naitazama kutoka Soweto Mashariki. Soweto hii si ile ya Johannesburg, wala si Soweto ya Kayole iliyo upande mwingine wa Nairobi. Ni kijiji kimoja kati ya vijiji vya Kibera, kilicho ukingoni, karibu na Mbagathi Way na mtaa wa Highrise, na chini yake ardhi huteremka kwenda Nairobi Dam.

Msomaji wa Mvita au Lamu akifika Kibera hatajiona mgeni kabisa. Jina lenyewe ni la Kinubi, kibra, maana yake msitu, na waliolileta ni askari Waislamu wenye asili ya Sudani, wa jeshi la King's African Rifles, waliowekwa hapo mwanzoni mwa karne iliyopita. Wajukuu wao wako Makina mpaka leo, na adhana yao husikika mbali. Hati ya ardhi, ekari 288, waliipata mwaka 2017, baada ya kungoja zaidi ya miaka mia. Soweto Mashariki ni ya waliokuja nyuma yao, watu wa bara waliofuata kazi, na wengi wao mpaka leo huamka alfajiri wakaenda Industrial Area kwa miguu.

Mahali kama hapa hapaishi bila ya lori. Kuna mabati na mbao za kushusha, mchanga wa Machakos, mawe ya machimbo ya upande wa Juja, maji ya kuuza siku ya ukame, na taka za kuondoa. Lori jipya la kiwandani ni mali ya tajiri, na tajiri halileti kwenye njia za namna hii likakwaruzwa ubavu. Sheria nayo hairuhusu kuingiza nchini gari lililotumika likiwa limepita miaka minane. Kwa hiyo yale yaliyokwisha kuwamo nchini hutunzwa kama mzee wa nyumba: Mercedes zenye boneti mbele, Isuzu za zamani, na Bedford chache zilizobaki, ambazo babu zetu walizijua zilipokuwa mpya.

Lori la namna hiyo aghalabu ndiyo riziki nzima ya mtu. Ndani yake mna karo, mna kodi ya nyumba, mna mshahara wa dereva na wa utingo. Injini ikinoki, nyumba tatu hulala na njaa kwa siku moja.

Bakuli la oili

Tuitazame kwanza pua ya zamani, maana si haki kuitukana kabla ya kuijua.

Eya klina ya zamani (jina hilo limekwisha kuwa Kiswahili cha gereji, wala silionei haya) ni chungu cha chuma chenye bakuli la oili chini na sufi ya waya juu. Hewa hushuka kwa kasi, hukaribia uso wa oili, kisha hugeuka ghafla kupanda juu. Vumbi ni zito kuliko hewa, haliwezi kugeuka upesi namna hiyo, basi huchomoka njiani na kuzama katika oili. Lile jepesi lililobaki hunaswa na ile sufi iliyolowa. Jambo la akili kabisa, na halina kitu cha kununua kila mara. Utingo akifungua bakuli, akamwaga matope, akaosha kwa mafuta ya taa na kutia oili mpya, kazi imekwisha. Katika Vita vya Pili vya Dunia, Waafrika Mashariki kwa maelfu walipojifunza udereva na umakanika jeshini, vyombo vya namna hii ndivyo vilivyokuwa ngao ya injini katika majangwa.

Lakini bakuli lina kasoro zake. Kazi yake yote hutegemea kasi ya hewa. Injini ikizunguka polepole, kama lori liingiapo kichochoroni Kibera au linapongoja foleni, hewa hupita kwa upole na vumbi jembamba hupita nayo. Lori likiinama upande, oili nayo huinama. Bakuli zuri lililotunzwa hukamata kiasi cha 95 mpaka 98 katika kila mia ya vumbi. Filta ya karatasi hukamata zaidi ya 99. Mtu atasema, ah, tofauti ya mbili tatu ni kitu gani? Asitazame lile linalokamatwa, atazame lile linalopita. Bakuli likipitisha manne katika mia, na karatasi ikapitisha chini ya moja, injini yenye bakuli imekula vumbi mara nne na zaidi.

Na vumbi hilo ni nini? Ni mchanga uliosagika, wenye chembechembe za gwaru, na gwaru ni gumu kuliko chuma cha silinda. Chembe zinazoua injini si zile unazoziona zikikwangua mikononi. Ni zile nyembamba, ndogo kuliko upana wa unywele mara kadhaa, zinazotoshea sawasawa katika ule utando wa oili uliopo baina ya ringi na ukuta wa silinda. Hapo husaga kama tupa. Sisi watu wa pwani tuna msemo wa mtu aliyeharibikiwa, kwamba kitumbua chake kimeingia mchanga. Sijui msemo mwingine unaoeleza mauti ya injini vizuri kuliko huo. Ringi huisha, nguvu ya kusukuma hupungua, oili hupanda juu na kuungua, moshi hugeuka wa buluu, na asubuhi lori husukumwa na watoto wa mtaa ndipo liwake.

Hatari ya pili ya bakuli haijulikani na wengi. Mtu akitia oili kupita alama, injini ya dizeli huinyonya na kuiunguza kama mafuta yake. Ikianza hivyo hukimbia yenyewe. Mwendo hupanda, sauti hupanda, dereva akizima haizimiki, kwa kuwa haili tena kutoka kwenye tangi. Dawa yake ni moja tu, kuiziba pua ikose hewa. Fundi mzima huwa na kipande cha ubao karibu yake kila anapowasha dizeli aliyoigusa kooni, na ukimkuta fundi asiye na ubao huo, simama mbali.

Kuchagua pua

Pua ya kisasa ni jambo jingine. Hewa huchukuliwa juu, nyuma au ubavuni mwa chumba cha dereva, mbali na joto la injini na mbali na vumbi la magurudumu. Hushuka kwa bomba pana hadi kwenye mtungi wa plastiki au wa bati, ambamo kwanza huzungushwa kama kimbunga ili vumbi zito liangukie ukutani na kutoka kwa mdomo mdogo wa mpira ulio chini. Ndipo hupita katika karatasi iliyokunjwakunjwa. Karatasi hiyo ukiikunjua yaweza kufunika sehemu kubwa ya sakafu ya chumba cha Kibera, ambacho kwa kawaida ni futi kumi kwa kumi. Upana huo ndio siri yake. Hewa ni nyingi, mlango ni mpana, hakuna kusukumana.

Hesabu ndogo itaonyesha kwa nini upana ni kila kitu. Chukua injini ya Mercedes ile ya lita 5.7 iliyoanza katika miaka ya 1960 na kuenea Afrika nzima. Ikizunguka mara 2,800 kwa dakika, huvuta hewa zaidi ya madebe 300 katika dakika hiyo moja. Madebe 300! Hebu fikiri kuyapitisha hayo katika bomba jembamba. Fundi akikosa bomba la milimita 100 akaweka la milimita 75, mwenye lori huona robo tu imepungua. Kumbe njia ya hewa hupimwa kwa eneo, si kwa upana wa mdomo, na eneo limepungua kwa asilimia 44. Lori litavuta vizuri tambarare, na likifika mlima wa Limuru litatoa moshi kama tanuri la chokaa.

Basi fundi mwenye macho huanza na injini kabla hajaenda kutafuta vyuma. Hupima mdomo wa manifoldi, huuliza injini ni ya lita ngapi na huzunguka kasi gani, kisha ndipo huenda kwenye vyuma vikuukuu kutafuta mtungi wa lori la kisasa lenye injini ya ukubwa huo au kuzidi. Mtungi mkubwa kuliko haja haudhuru. Mdogo hudhuru.

Hapo kuna busara nyingine niliyoipenda. Aghalabu mtungi unaotafutwa ni wa Isuzu, si kwa sababu ni bora kuliko wa Wajerumani, bali kwa sababu Isuzu zimeunganishwa Nairobi tangu miaka ya 1970 na filta zake hupatikana kila duka la spea, Kirinyaga Road mpaka Kongowea. Bakuli la oili halikuhitaji duka. Karatasi yahitaji. Anayekufungia mtungi wa fahari ambao filta yake huagizwa ng'ambo amekufunga wewe, maana siku itakapoziba utaitoboa kwa bisibisi ili gari liende, na hapo ni heri ungebaki na bakuli lako.

Vijana wengine hupenda zile filta za pamba zenye umbo la pia, zinazofungwa wazi chini ya boneti na kunguruma. Ni mapambo. Chini ya boneti hewa ni moto, na kila nyuzi kumi za joto huondoa kama asilimia tatu ya uzito wa hewa, tena Nairobi ambako hewa yenyewe ni haba. Wanaosema wameona magari ya mashindano yakifanya hivyo watazame vizuri magari ya Safari Rally, mashindano yaliyoanza 1953 na kurudi katika ubingwa wa dunia 2021. Kwenye Safari magari hufungwa bomba refu linalopanda hadi juu ya paa kama mkonga wa ndovu anayevuka mto. Madereva wale hawakupanda pua juu kwa urembo. Juu ndiko hewa ilikopoa, na ndiko maji na vumbi visikofika upesi.

Maji nayo si ya kupuuza. Mafuriko ya mwaka 2024 yaliwakumba watu wengi mabondeni Nairobi. Lori likivuta maji badala ya hewa, pistoni hukutana na kitu kisichobanika, na mkono wake wa chuma hupinda. Kwa hiyo mdomo wa bomba huwekwa juu, hufunikwa kofia, na hugeuzwa nyuma kama mvua ni ya kupiga uso.

Kalafati ya hewa

Sasa tufike kwenye kiini chenyewe. Bomba kutoka kwenye filta hadi kwenye injini ni njia ya hewa iliyokwisha kusafishwa. Tundu lolote katika kipande hicho, hata la sindano, huvuta vumbi ambalo halitapita tena kwenye filta yoyote. Pua ya zamani ilikaa juu ya injini na kiungo chake kilikuwa kimoja. Pua mpya iko mbali, ina mabomba, ina viwiko, ina viungo vinne au vitano. Yaani fundi ameongeza usafi wa filta na papo hapo ameongeza milango ya wizi. Asipoijua hesabu hiyo, lori lilikuwa salama zaidi kabla hajaligusa.

Mafundi wetu wa majahazi wangelielewa jambo hili bila ya kuelezwa. Chombo hakizami kwa sababu mbao zake ni mbovu. Huzama kwa sababu ya maungio. Ndiyo maana mtu hukaa siku nzima akitia kalafati, pamba na mafuta, kila mshono. Bomba la hewa lataka kalafati yake: mpira mzito usiobonyea joto likizidi, klipu ya skrubu inayoshika mzingo wote, na ncha ya bomba iliyotengenezewa ukingo ili mpira usichopoke lori likirukaruka. Waya wa kufungia mizigo si klipu. Mpira wa ndani wa gurudumu uliokatwa na kuzungushwa si kiungo, ingawa utauona mara nyingi.

Anayechomelea bomba la chuma ana kazi moja zaidi. Cheche za kuchomelea huacha shanga za chuma ndani ya bomba. Shanga hizo hushika kwa siku mbili tatu, kisha mtikisiko huziangusha, na zinakokwenda ni ndani ya silinda. Bomba lazima lipigwe nyundo, lisuguliwe kwa waya, lioshwe, likaushwe, lipanguswe. Fundi mwenye haraka hulipuliza mara moja kwa mdomo na kulifunga.

Kisha kuna matundu ya zamani ambayo mtu husahau. Kompresa ya breki katika malori mengi huvuta hewa yake kutoka kwenye pua ileile. Injini nayo ina tundu la kupumulia, ambalo pengine liliungwa na eya klina ya kale. Ukiyaacha wazi, yatavuta vumbi. Ukiliunga la kupumulia mbele ya karatasi, mvuke wa oili utailowesha karatasi na kuiziba. Mahali pake ni nyuma ya filta, upande safi.

La hatari kuliko yote ni gavana. Simsemi gavana wa kaunti. Dizeli nyingine za miaka ya 1950 na 1960 zilikuwa na gavana wa hewa: kooni mwa injini mna kipepeo, na kando yake bomba jembamba linaloupeleka mvuto wa hewa hadi kwenye kiwambo cha ngozi au mpira kilicho kwenye pampu ya dizeli. Mvuto huo ndio unaoiambia pampu ipunguze mafuta. Springi ya upande wa pili siku zote inataka kuongeza. Sasa fundi akija akaling'oa koo lile pamoja na eya klina, akidhani ni takataka ya kizamani inayobana njia, au akaliacha bomba lile jembamba linaning'inia, mvuto hutoweka, springi hushinda, pampu hufungua mafuta yote. Injini hupiga kelele moja ndefu. Ubao wa kuziba pua ndio ukumbusho kwamba kila kitu kilichopo kooni mwa mashine ya zamani kiliwekwa na mtu aliyekuwa na sababu. Fundi anayejua huliacha koo mahali pake na kuunga pua mpya mbele yake.

Namna ya kujaribu

Vipimo vya kiwandani vipo, na malori ya kisasa yana kidude chenye alama nyekundu inayojitokeza filta ikiziba. Fundi akikipata kwenye vyuma vikuukuu hukifunga, na ni kitu cha thamani kuliko bei yake. Asipokipata, anazo njia zake.

Injini ikiwa inazunguka polepole, huziba mdomo wa pua kwa ule ubao. Njia ikiwa haina tundu, injini huzimika baada ya kitambo kifupi. Ikiendelea kuzunguka, hata kwa kukohoa, inaiba hewa mahali, na lazima patafutwe. Mtihani huu haugharimu hata senti, na mwenye lori aliyepo anauona kwa macho yake.

Wa pili ni wa kitambaa. Lori huenda kazini wiki moja ya vumbi. Likirudi, klipu ya mwisho karibu na injini hufunguliwa, na ndani ya bomba hupanguswa kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikitoka safi, sawa. Kikitoka na rangi ya udongo, malipo yaliyobaki yangoje.

Utunzaji ni wa mwenye lori na utingo wake, na hapo desturi mbaya ni nyingi. Filta ya karatasi hupigwapigwa kwenye tairi mpaka ukingo wake wa mpira unapinda. Au hupelekwa kwa mtengeneza tairi ikapulizwa kwa nguvu ileile ya kujazia gurudumu. Karatasi huchanika mahali pasipoonekana, gari likavuta vizuri ajabu, mwenyewe akafurahi. Karatasi hupulizwa kwa upole, kutoka ndani kwenda nje, na ikimulikwa kwa taa isionyeshe nyota. Ikichakaa hubadilishwa. Asiye na uwezo wa kununua filta kila wakati wake, ushauri wangu ni kwamba abaki na bakuli la oili na alioshe kila wiki. Bakuli lililooshwa ni bora kuliko karatasi iliyotoboka, na fundi mkweli atamwambia hivyo ijapokuwa atakosa kazi ya siku.

Kiwanja kinakwenda wapi?

Ufundi huu haukuandikwa katika kitabu cha kiwanda chochote. Kitabu cha Bedford hakijui mtungi wa Isuzu, na cha Isuzu hakijui Bedford. Umo mikononi, na hupita kutoka mkono hadi mkono, kijana akishika spana kwa miaka kabla ya kuruhusiwa kupima bomba. Serikali ina mitihani ya ufundi ya madaraja matatu, sasa chini ya mamlaka ya NITA, na fundi wa jua kali anaweza kuifanya akapata cheti. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972 kuhusu Kenya ndiyo iliyoufanya ulimwengu utazame kazi za namna hii kwa heshima, na mwaka 1985 Rais Moi alikwenda kuwaona mafundi wa Kamukunji na kuwaahidi vivuli vya kufanyia kazi. Maneno mazuri yamesemwa mengi.

Lakini lori lataka ardhi. Halifanyiwi kazi mezani. Soweto Mashariki ndipo ulipoanzia ule mpango wa serikali na UN-Habitat wa kuiinua mitaa ya Nairobi. Mwezi wa Septemba 2009 familia za sehemu ya kwanza zilihamishiwa majumba ya Lang'ata zikingoja, na mwaka 2016 nyumba 822 zikakabidhiwa, zenye maji na choo ndani. Sehemu nyingine ilizinduliwa mwaka 2022. Hakuna mwenye akili atakayezisikitikia nyumba za mabati, na mama aliyekuwa akipanga foleni ya choo hana haja ya kusikia habari za eya klina. Penye majumba pamewekwa pia vibanda vya biashara. Kibanda kinamtosha mshona nguo, kinamtosha muuza unga na mtengeneza simu. Lori la tani saba halipiti mlangoni mwake.

Kwa hiyo mafundi husogea. Huenda kando ya barabara, na barabara ikipanuliwa husogea tena, kama ilivyokuwa Julai 2018 nyumba za maelfu ya watu wa Kibera zilipobomolewa kupisha barabara ya kuunga Ngong Road na Lang'ata. Mtungi wa Isuzu uliopatikana kwa taabu, bomba lililosuguliwa nusu, kitabu kichakavu cha vipimo, vyote hupakiwa mkokotenini. Na mwenye lori aliyeambiwa arudi baada ya wiki kwa mtihani wa kitambaa cheupe hufika akakuta uzio wa mabati mapya, akatoa simu mfukoni, akamwuliza fundi wake yuko upande gani siku hizi.